Oktani si sabuni

Mwezi uliopita nilishinda nusu siku kwenye gereji moja ya Tabata, Dar es Salaam, nikimsindikiza shemeji yangu. Gari lake ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ, ile ambayo mafundi wa jiji hili wanaifungua na kuifunga kama mtu anayemenya vitunguu jikoni kwake. Lilikuwa linamisi likiwashwa asubuhi, na kwenye foleni silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ilikuwa inapanda na kushuka hadi usukani unatetemeka. Hilo lilimuudhi, lakini kilichomuuma zaidi ni kingine. Kwa zaidi ya mwaka mmoja amekuwa akijaza petroli ya daraja la juu peke yake, ile ghali yenye namba kubwa ya oktani, kwa sababu aliambiwa inasafisha injini. Kuna siku alipita sheli tatu taa ya mafuta ikiwa inawaka, anatafuta inayouza petroli hiyo.

"Sasa fundi, hela yangu yote ile imesafisha nini?"

Fundi hakujibu. Alifungua bomba la hewa, akaifikia throtoli, kile kilango kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, akazungushia kidole kitambaa cheupe na kupangusa ndani. Kitambaa kilitoka cheusi, kimeshika utando mzito wa mafuta ya injini yaliyochanganyika na vumbi. Akachomoa plagi: ncha zimelika, mwanya umepanuka. Mwisho akatoa nozeli zote nne, zile zinazoinyunyizia injini petroli, akazipanga kwenye mashine ya kupimia yenye mirija minne ya kioo, akawasha. Nozeli tatu zilinyunyiza ukungu mzuri wenye umbo la pia. Ya nne ilikuwa inavuta kidogo upande mmoja, lakini kioevu kilichojikusanya kwenye mirija yote minne kilikuwa karibu sawa.

"Umeona, bosi," fundi akasema. "Huku petroli inakopita hakuna tatizo. Tatizo liko kule isikopita."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kwenye gari lenye nozeli kama hili, petroli hunyunyizwa karibu na vali ya kuingizia, hewa ikiwa imeshaipita throtoli. Haiigusi throtoli hata tone. Uchafu uliomsumbua shemeji yangu ulitoka kwenye mvuke wa oili ya injini na vumbi la barabara, na ungekuwepo vilevile hata kama angejaza mafuta ya ndege za mashindano. Nozeli za gari langu, ambalo linakunywa petroli ya kawaida tangu lishuke melini, zilipimwa kwenye mashine hiyohiyo wiki mbili kabla, nazo zilitoa picha ileile. Magari mawili hayathibitishi kitu, nakubali. Ila watu wamekwishalifanyia kazi swali hili kwa miaka mingi, kwa injini nyingi zaidi, na majibu yao hayatufikii huku kwa sababu matangazo yana sauti kubwa zaidi.

Tuanze na neno lenyewe. Oktani ni kipimo cha jambo moja tu: petroli inavumilia kubanwa kiasi gani kabla haijajiwasha yenyewe. Ndani ya silinda pistoni hupanda ikibana mchanganyiko wa hewa na petroli, joto linapanda, kisha plagi inatoa cheche na moto unatembea kutoka kwenye cheche kwenda pembeni. Petroli isiyo na uvumilivu haisubiri zamu yake. Sehemu iliyo mbali na plagi hulipuka kabla moto haujaifikia, na dereva husikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, hasa anapopanda mlima akiwa kwenye gia kubwa. Huko ndiko kugonga. Mtaani tukisema injini imenoki tunamaanisha imekufa kabisa, na hapo watu wengi huchanganya. Kugonga ninakokuzungumzia ni hatua za mwanzo za safari inayoweza kuishia huko.

Namba inapatikana hivi. Kimiminika kimoja kiitwacho isooktani kilipewa 100, kingine kiitwacho heptani kikapewa 0. Petroli inayovumilia sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 ya isooktani na asilimia 5 ya heptani ndiyo inayoitwa ya oktani 95. Hesabu inaishia hapo. Hakuna mahali katika kipimo hicho panapouliza petroli hiyo ni safi kiasi gani, wala inaacha nini kwenye vali, wala inabeba nguvu kiasi gani. Unaweza kutengeneza petroli ya oktani 100 isiyo na hata tone la dawa ya kusafisha, na ukatengeneza ya oktani 90 iliyojaa dawa hiyo. Ni vitu viwili vilivyowekwa kwenye tangi moja na mfanyabiashara.

Magari mengi yanayotembea kwetu yametoka Japani, na Japani ina madaraja mawili ya petroli. Kiwango chao cha taifa kinataka petroli ya kawaida iwe na oktani isiyopungua 89, na ya juu isiyopungua 96. Vitz, Passo, IST, Probox, hata Noah nyingi, zimetengenezwa kwa ajili ya ile ya kawaida. Petroli ya kawaida ya Tanzania na Kenya inazidi 90. Maana yake ni kwamba gari la shemeji yangu, kwa upande wa oktani, linakula vizuri kuliko lilivyotarajiwa kula kwao, hata likijazwa petroli ya bei ya chini kabisa ya sheli. Fungua kifuniko cha tangi cha gari lililotoka Japani utazame ndani. Mara nyingi kuna karatasi ndogo yenye maandishi ya Kijapani. Piga picha kwa simu, programu ya kutafsiri itakusomea: kama inataka petroli ya juu, imeandikwa pale. Mwenye Subaru Forester ya turbo ataikuta, na yeye ana sababu ya kweli ya kulipa zaidi, kwa maana injini yake inabana kwa nguvu na ikipewa petroli dhaifu inaumia. Mwenye Vitz hataikuta.

Sasa lipo swali gumu zaidi, nalo ndilo linalonivutia. Kwa nini watu wenye akili timamu, madereva wa miaka ishirini, wanaapa kwamba wakijaza petroli ya juu gari linakuwa jepesi, na wakirudi kwenye ya kawaida linakuwa zito? Siwaiti waongo. Wengi wao wanasema kweli juu ya walichokisikia kwenye mguu wao wa kulia. Wanakosea kwenye sababu.

Injini ikitembea miaka, kaboni hujenga ukoko juu ya pistoni na kwenye paa la silinda. Ukoko huo unafanya mambo mawili. Unachukua nafasi, kwa hiyo mchanganyiko unabanwa zaidi kuliko mhandisi alivyopanga. Pia unashika joto, kama figa linavyobaki la moto baada ya kuni kuondolewa. Matokeo ni kwamba injini iliyokuwa imeridhika na oktani 90 ilipotoka kiwandani inaanza kudai namba kadhaa zaidi. Watengeneza injini wanalijua jambo hili kwa miongo mingi. Magari ya siku hizi yana kifaa kwenye bloku ya injini kinachosikiliza mlio wa kugonga; kikisikia, kompyuta inachelewesha cheche ili kuilinda injini, na gari linapoteza nguvu kidogo. Dereva hasikii kokoto yoyote. Anasikia uzito tu.

Mtu huyo akijaza petroli ya oktani ya juu, kugonga kunaisha, kompyuta inarudisha cheche mahali pake, na gari linakuwa jepesi ndani ya siku hiyohiyo. "Imesafisha!" Haijasafisha. Ukoko uko palepale juu ya pistoni; kilichobadilika ni kwamba amenunua petroli inayoweza kuishi nao. Akirudi kwenye ya kawaida uzito unarudi, naye anauhesabu kuwa ushahidi wa pili. Ni sawa na mwenye jino bovu anayemeza panadol kila asubuhi na kusema jino limepona, kwa kuwa kila akiacha linauma tena. Uchafu ndio uliokuwa unaidai oktani. Yeye amegeuza, anasema oktani inaondoa uchafu.

Kuhusu wale ambao injini zao haziugui chochote na bado wanahisi wepesi, nitasema kwa ufupi: tukilipa zaidi tunasikiliza zaidi, na tukisikiliza tunasikia.

Lakini ingekuwa dhuluma kuishia hapo, kwa sababu ndani ya madai ya wauzaji mna chembe ya kweli, na chembe hiyo ni muhimu. Petroli inaweza kusafisha. Ipo dawa kweli. Wakemia wanatengeneza molekuli ndefu zenye kichwa na mkia: kichwa kina naitrojeni na kinapenda kung'ang'ania uchafu na chuma, mkia unapenda kuogelea kwenye petroli. Kichwa kinashika, mkia unavuta, uchafu unaondoka kidogo kidogo na kuungua. Maarufu kati ya hizo huitwa polietheramini. Ndiyo inayouzwa pia kwenye vichupa vya dukani, vile vilivyo vya kweli. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, gramu kadhaa kwa tangi la lita 40.

Dawa hizi zilianza kutumika miaka ya 1950 kwa ajili ya kabureta. Zikawa jambo la lazima miaka ya 1980, nozeli zilipoingia kwenye magari ya watu wa kawaida Marekani na kuanza kuziba. Chanzo kiligunduliwa, na kinatuhusu sana sisi tunaozunguka mjini. Ukizima gari, injini inabaki na moto mkali lakini hakuna petroli inayopita kuipoza nozeli. Tone lililobaki kwenye ncha linapikwa. Sehemu nyepesi zinaruka, nzito zinabaki kama gundi. Peleka watoto shule, zima. Pita sokoni, zima. Nenda benki, zima: kila mara unapika tone jingine. Gari la safari ndefu ya Dodoma halipati shida hiyo kama gari la mizunguko mifupi ya Sinza na Mwenge.

Hapa ndipo Marekani walipofanya jambo ambalo ningependa viongozi wetu wa nishati walitazame kwa makini. Kuanzia mwaka 1995, serikali yao iliagiza kwamba petroli yote inayouzwa kwa magari iwe na dawa ya kusafisha, kwa kiwango cha chini kilichopangwa. Yote, pamoja na ile ya bei rahisi kabisa. Kiwango hicho kilionekana kidogo, kampuni nyingi zikashuka hadi kwenye mstari na kukaa hapo, na mwaka 2004 watengeneza magari BMW, General Motors, Honda na Toyota wakaweka kiwango chao cha juu zaidi walichokiita Top Tier. Sharti lake moja ndilo kiini cha hoja yangu: kampuni ikitaka nembo hiyo, dawa lazima iwemo kwenye madaraja yote inayouza. Watengeneza magari wenyewe, watu wanaolipa gharama za waranti injini ikiharibika, hawakusema "ongezeni oktani". Walisema ongezeni dawa, na muiweke hata kwenye petroli ya mtu wa chini.

Mwaka 2016 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kiliendesha injini kwenye maabara kwa umbali unaolingana na maili 4,000, yaani kama kilomita 6,400. Zile zilizotumia petroli isiyofikia Top Tier zilikuwa na uchafu kwenye vali mara 19 zaidi ya zile zilizotumia petroli yenye nembo hiyo. Mara kumi na tisa! Tofauti iliyokuwa ikipimwa pale ni ya dawa, si ya oktani. Mwaka huohuo chama hichohicho kikajaza petroli ya daraja la juu kwenye magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya ya kawaida, na hakikuona faida ya maana katika nguvu, katika matumizi ya mafuta, wala katika moshi. Weka majaribio hayo mawili pamoja, na swali la shemeji yangu limejibiwa.

Kabla ya hapo suala lilikwishafika mbele ya wasimamizi wa biashara. Mwaka 1996 tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, iliishtaki kampuni ya Exxon kwa kutangaza kwamba petroli yake ya daraja la juu inapunguza gharama za matengenezo ya gari, bila ushahidi wa kutosha. Mwaka 1997 kampuni ilikubali kumaliza shauri hilo, na sehemu ya makubaliano ilikuwa ni kutoa matangazo ya kuwaelimisha watu kwamba magari mengi hutembea vizuri kwa petroli ya kawaida. Hadi leo tume hiyo inawashauri madereva vilevile: kama kitabu cha gari lako hakidai oktani ya juu, usiilipie.

Turudi nyumbani. Tanzania tunaagiza mafuta kwa pamoja. Meli moja inafunga gatini Kurasini, na petroli yake inagawanywa kwa kampuni nyingi, zenye rangi na nembo tofauti barabarani. Kenya mambo hayapishani sana: petroli inapokelewa Kipevu, Mombasa, inapanda kwa bomba la pamoja hadi Nairobi, na huwezi kusema lita hii ni ya fulani na ile ni ya fulani. Kwa hiyo sheli ya kampuni kubwa na sheli ya mfanyabiashara wa mtaani mara nyingi zinauza petroli iliyovuka bahari kwenye tumbo moja. Zinapoachana ni mwishoni kabisa. Kampuni ikiamua kuweka dawa, inaichanganya kwenye bohari wakati lori linapakiwa. Baada ya hapo kuna lori lenyewe, kuna tangi la ardhini, na kuna uaminifu wa mwenye kituo.

Na hapo kwenye uaminifu ndipo penye uchafu wetu mkubwa. Wamarekani wanabishana kuhusu gramu za polietheramini. Sisi tumeipa lugha yetu neno kuchakachua. Neno hilo limeshaingia kwenye siasa, kwenye mitihani, hata kwenye ndoa, lakini wengi wetu tulilizoea kupitia petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mazito kuliko petroli, hayachemki kwa urahisi, hayaungui yote. Yanashusha oktani, yanaacha masizi kwenye plagi, na yanapenya hadi kwenye oili. Tanzania ilianza kutia vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010 ili wakaguzi waweze kumtambua mchakachuaji kwa kupima sampuli ya pampu. Kenya ilichagua njia ya kodi: mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee, na mzigo wake ukawaangukia pia maskini wanaopikia na kuwasha taa kwa mafuta hayo. Kila nikisikia mtu anajivunia petroli ya juu huku anajaza popote anapoikuta, namkumbuka yule mchakachuaji. Oktani 95 ikitiwa mafuta ya taa, namba iliyoandikwa kwenye pampu haina maana tena.

Maji nayo yasisahaulike. Tangi la ardhini lililotoboka au lenye mfuniko mbovu linapokea maji masika yote. Kituo kinachouza sana kinabadilisha mafuta yake kila siku chache na hakiwezi kuficha tatizo kwa muda mrefu, kwa kuwa magari yanarudi yakilalamika. Kwa injini ya 1NZ, petroli ya kawaida kutoka kituo chenye shughuli nyingi na sifa nzuri ina thamani kuliko petroli ya juu iliyolala kwenye pampu ambayo haiguswi wiki nzima.

Kuna jambo jingine linalonikera kwenye usemi huu wa oktani inayosafisha: historia inaonyesha kinyume chake. Kwa muda mrefu wa karne iliyopita njia rahisi ya kupandisha oktani ilikuwa ni risasi, madini ya sumu. Risasi iliacha mabaki yake ndani ya injini, kiasi kwamba ilibidi iongezewe kemikali nyingine za kuyatoa kwa njia ya moshi, na moshi huo ukaenda kwenye damu ya watoto wetu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeacha. Aljeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021, na ni Nairobi, kwenye makao ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ndiko habari hiyo ilikotangazwa tarehe 30 Agosti mwaka huo. Risasi ilipoondoka, sehemu nyingine za dunia zikaingiza kiongezeo cha manganisi kiitwacho MMT. Nacho kinapandisha oktani. Nacho kinaacha mabaki: plagi inatoka na ukoko wa rangi ya tofali. Baadhi ya vichupa vya kupandishia oktani vinavyouzwa kwenye maduka ya vipuri vina kemikali hiyohiyo au ndugu yake wa chuma. Mtu ananunua kichupa asafishe injini, anaipaka plagi kutu.

Na wenye injini za D4 za Toyota, samahani, kwenu hata dawa nzuri ina mpaka. Injini hizo, kama zilivyo za FSI za Volkswagen, hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Vali ya kuingizia haioshwi tena na petroli hata kidogo, inapokea mvuke wa oili tu, na mvuke unagandia pale hadi shina la vali linanenepa kama mhogo. Dawa ya kwenye tangi itazisaidia nozeli, ambazo kwenye injini hizi ni ghali na zinafanya kazi kwenye joto kali, kwa hiyo msiidharau. Ila vali zitasafishwa kwa kufunguliwa, kwa kemikali na brashi, au kwa mashine ya kupulizia unga wa maganda ya jozi. Atakayewaambia kwamba kuna petroli inayozifikia vali hizo hajui injini aliyosimama mbele yake.

Tuifanye hesabu iwe ya mezani. Tuseme petroli ya juu inazidi ya kawaida kwa shilingi 200 kwa lita, na mtu anajaza lita 40 kwa wiki. Ni shilingi 8,000 kwa wiki, 416,000 kwa mwaka. Kwa fedha hiyo, nilimwambia shemeji, ungebadilisha filta ya hewa kwa wakati, plagi ungeziweka mpya, throtoli ingesafishwa, nozeli zingepita kwenye mashine, na oili ungeibadilisha kabla haijawa nyeusi kama chai ya mkandaa. Kila kimoja kati ya hivyo kinagusa mahali uchafu ulipo. Dereva wa bodaboda, ambaye pikipiki yake mara nyingi bado ina kabureta na injini isiyobana sana, ana sababu ndogo zaidi ya kulipia oktani, na ndiye ambaye shilingi 200 zinamuuma zaidi.

Sipingi kampuni kuuza petroli yenye dawa nyingi kwa bei ya juu. V-Power, petroli ya daraja la juu yenye nembo ya Shell, inauzwa Kenya, na kama imetiwa dawa bora kuliko ya kawaida, hiyo ni bidhaa halali na kuna gari itakalolisaidia. Ninachopinga ni kuunganishwa kwa vitu viwili ili mnunuzi asijue analipia kipi. Mwenye Probox anahitaji dawa na hahitaji oktani. Leo akiitaka dawa anauziwa oktani pamoja nayo, kama mtu anayetaka chumvi akalazimishwa kununua na nyama. Ningependa dawa ya kusafisha iwe haki ya petroli ya kawaida, kwa kiwango kilichoandikwa na Shirika la Viwango na kukaguliwa kwenye bohari, kama vinasaba vinavyokaguliwa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina viwango vya pamoja vya mafuta, zinashiriki bandari na barabara zilezile, na malori ya Kurasini yanafika hadi Kigali, Bujumbura na Lubumbashi. Kiwango kimoja kingewafikia watu wote hao.

Wakati tunasubiri hilo, lipo linaloweza kufanyika mwezi ujao. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, inamtaka kila mwenye kituo aweke bango la bei linalosomeka kutoka barabarani, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi namba zake hubadilishwa. Chini ya bei ya kila petroli pawekwe mistari miwili: oktani yake ni ngapi, na imetiwa dawa ya kusafisha au haikutiwa. Shemeji yangu angeisoma akiwa bado ndani ya gari.